Tovuti Iliyopandwa Mara Mbili

Ni saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi. Wauza chai wa Migori ndio kwanza wanapuliza makaa, lakini Scovia Nyatichi ameshaketi mbele ya kompyuta, mkoba mapajani, viatu kavua. Kando yake kuna kisanduku cheusi kinachopiga mluzi, kikakoroma, kikanyamaza, kisha kikakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe.

"Shika," anakiambia. "Shika basi, baba. Shika."

Nyuma yake amesimama Byron Wangwe, kijana wa Kikuria mwenye ofisi hii ya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Ana kikombe cha uji mkononi na hathubutu kunywa. Jana mvua ilinyesha, na mvua ikinyesha, laini ya simu kati ya hapa na Kisumu huwa na mambo yake.

Kelele zinakoma. Taa ndogo ya kijani inawaka, inatulia.

"Imeshika, madam!" Byron anasema, na sasa ndipo anapiga funda la uji.

Kisanduku hicho huitwa modemu. Kazi yake ni kuipigia simu kompyuta nyingine iliyoko Kisumu, ambayo nayo huzungumza na kompyuta za dunia nzima. Leo Scovia anangoja barua moja tu kutoka Denmaki. Makasha mawili ya vikapu yaliondoka hapa karibu mwezi mzima uliopita, na mpaka saa hii hajui kama yamefika au yamelala kwenye bohari la uwanja wa ndege.

Scovia, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, hakusomea kompyuta. Ni karani mpiga chapa. Lakini tangu mwanzo wa mwaka huu wa 1999 ana cheo kipya, alichojiandikia mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kukiandika: msimamizi wa tovuti ya duka liitwalo Adita, mjini Homa Bay, linalouza vikapu vilivyosukwa kwa gugu maji.

Kwa msomaji ambaye bado hajaiona, tovuti ni dirisha la duka, ila dirisha lenyewe liko ndani ya kompyuta. Mtu akiwa kwake ng'ambo huchungulia bidhaa, huuliza bei, huagiza, wala hapandi ndege.

"Watu wanafikiri nakaa tu nikibonyeza," anasema Scovia akicheka. "Kubonyeza ni kazi ya dakika moja. Kazi ni kujua ubonyeze nini, na nani aambiwe kwamba umebonyeza."

Hayo ni mambo mawili. Mwaka huu amejifunza la tatu, na hilo halimo katika kitabu chochote cha kompyuta. Amejifunza kuuliza nani anatakiwa kuanza.

Alizaliwa Kisii, katika nyumba ya Waadventista, akaletwa Homa Bay angali mdogo baba yake alipokuja kuuza ndizi. Kijaluo anakisema hadi wenyewe wanasahau kwamba si wa kwao. Alipomaliza chuo cha kupiga chapa aliajiriwa na kampuni moja ya samaki pale mjini. Likaja gugu maji. Likaziba gati, likafunga ziwa hadi mtoto angedhani ni malisho ya ng'ombe, na boti zikakwama. Kampuni ikafunga mlango.

"Nilikaa miaka miwili nikiuza njugu karanga," anakumbuka. "Siku nzuri napata shilingi mia. Siku mbaya nakula njugu zangu mwenyewe."

Ajabu ni kwamba gugu lile lile lililomfukuza kazi ndilo lililomrudisha. Wanawake wa kisiwa cha Rusinga walianza kulivuna, kulianika na kulisuka vikapu, na mfanyabiashara Elkana Masese akafungua duka la kuviuza. Alihitaji mtu wa kumwandikia barua. Wa Kisii kwa wa Kisii, hawakukawia kuelewana.

Vikapu vilikuwa vizuri, wanunuzi hawakuwapo. Pale barabarani kimoja kilikwenda kwa shilingi themanini, tena baada ya kubishana hadi koo likauke. Ndipo Scovia alipopelekwa kwenye maonyesho ya biashara Kisumu, akakutana na mama mmoja mgeni aliyekipindua kikapu, akakinusa, akamwambia, "Kama ningeweza kuviona nikiwa kwangu, ningeagiza kila mwaka."

Scovia alirudi Homa Bay akabandika karatasi kubwa ya manila kwenye ukuta wa duka. Juu yake alichora mistatili, kila mstatili ukurasa mmoja: wa mbele, wa vikapu, wa wasukaji, wa kuagiza. Chini yake akaandika watu wa kuambiwa. Mwenye duka alikuja akasimama, mikono kiunoni.

"Scovia, tunauza vikapu ama tunauza hewa?"

"Tunauza vikapu kwa watu wasioweza kufika hapa, bwana Elkana."

"Na mimi nitawaona wapi?"

"Hutawaona. Utaona pesa yao."

Hapo Elkana alishusha mikono. Kuna lugha ambazo mfanyabiashara haombi atafsiriwe.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kijana mmoja wa Nairobi alikubali kuzichora kurasa, lakini kila alichochora kilipaswa kupitia kwa Scovia. Alipoweka maua yanayocheza-cheza, Scovia aliyaondoa. "Yananichelewesha mimi hapa Migori, je, yule wa mbali mwenye laini mbovu kuliko yangu?" Alipoandika Kiingereza cha maneno makubwa, aliyakata. Disketi zilisafiri ndani ya bahasha kwa basi la Nairobi, zikienda na kurudi. Na kwa kuwa laini za Homa Bay zilikuwa na mikwaruzo ambayo modemu haikuiweza, kila Alhamisi Scovia alikuja Migori kwa Byron.

Kuitangaza ilikuwa shughuli nyingine. Aliiandikisha tovuti kwenye orodha za mtandaoni. Aliwaandikia mapadri na wachungaji wenye marafiki ng'ambo. Aliacha vipeperushi kwa wageni wanaokwenda Lambwe kutazama wanyama wa mbuga ya Ruma. Kila kikapu kilifungwa kijikaratasi chenye anwani, na anwani hiyo hiyo ikapakwa rangi kwenye ukuta wa duka, herufi kubwa nyekundu. Mzee mmoja alipita akaisoma mara mbili, akaingia ndani kuuliza kama walikuwa wanauza gari, maana hizo zilikuwa nambari za ajabu.

Mnamo Septemba tovuti ikafunguliwa. Wiki tatu kimya. Elkana alikuwa ameanza kukohoa kila anapopita mbele ya ile manila. Halafu ikaja barua: duka la akina mama wa kanisa huko Denmaki lilitaka vikapu themanini kabla ya Krismasi, kila kimoja kwa bei mara tano ya ile ya barabarani. Walitaka vyote viwe kama kile cha "yule mama wa ukurasa wa mwanzo." Na walitaka jibu la uhakika kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Nilipiga kelele hapa ndani mpaka mwenye kinyozi akaja kuona nani amekufa," anasema Scovia.

Byron alizichapa kurasa kwenye karatasi, na kesho yake Scovia alizibeba hadi Rusinga kuwaonyesha wenyewe.

Boma la wasukaji ni la marehemu mzee mmoja aliyekuwa na wake watatu. Wa kwanza ni Benta, anayekaribia miaka sitini, mwembamba, mkavu wa maneno. Kwa Wajaluo mke wa kwanza huitwa mikayi, na nyumba yake hukaa ikitazama lango. Wa pili alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Wa tatu ni Pauline, ambaye bado ni kijana, mwepesi wa kucheka, na mwanawe Caleb yuko kidato cha kwanza. Wakwe na mabinti ndio wanaokamilisha kikundi.

Zile karatasi zilipofunguliwa, vigelegele vilipanda. Pauline alijiona ameshika kikapu, meno yote nje, akafunika uso kwa kanga. Scovia akatoa habari ya vikapu themanini, vigelegele vikaanza upya.

Mama Benta peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa akitazama karatasi ya kwanza.

"Nyar Kisii," alimwita, yaani binti wa Kisii. "Hii ndio dunia yote inaona?"

"Dunia yote, mama."

"Na inaona hii kwanza?"

"Ndiyo. Huo ndio ukurasa wa mbele."

"Mimi niko wapi?"

"Wewe uko hapa, mama. Ukurasa wa pili, hapa chini."

Benta alichomeka sindano yake kwenye kamba ya gugu, akaweka kikapu chini. Mkwe wake mkubwa naye akaweka chake. Kisha mwingine, na mwingine, hadi mikono yote pale kivulini ikawa mitupu. Pauline aliondoa kanga usoni, na uso wake ulikuwa umekauka kwa hofu.

Picha ile ya Pauline ilikuwaje ikatangulia? Kwa sababu ya matanga. Siku mpiga picha alipofika Rusinga, Mama Benta alikuwa Lambwe kuzika binamu yake, na hakuna Mjaluo anayeacha mazishi kwa ajili ya kamera. Pauline alipigwa picha asubuhi jua likiwa zuri. Benta akapigwa siku nyingine, mawingu yametanda. Kijana wa Nairobi alipoambiwa aweke picha nzuri mbele, aliweka iliyokuwa nzuri. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Lakini katika boma la Wajaluo mbegu haipandwi hivi hivi. Mikayi ndiye huingia shambani kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, na kuvuna vivyo hivyo. Mdogo akimtangulia mkubwa, wanaoshika mila husema amejitafutia chira: maradhi yanayomdhoofisha mtu huku dawa zikishindwa, au balaa kwa watoto wake. Na machoni pa wanawake wale, kuiweka kazi ya mikono yao mbele ya dunia nzima ilikuwa kupanda tu.

"Nilikasirika, sitakudanganya," anasema Scovia. "Nilirudi Homa Bay nikisema moyoni, haya, wake wenza wameanza mambo yao. Kazi ya mwaka mzima inakufa kwa sababu ya wivu wa picha!"

Elkana hakuona shida ilipo. "Panguza ya msichana, weka ya mama. Mwambie yule kijana afanye leo leo. Nani atajua?"

Ilikuwa njia rahisi, na Scovia alinyanyua simu ampigie kijana wa Nairobi. Halafu akairudisha. Anasema alimkumbuka babu yake mzaa baba, aliyekuwa na wake wanne huko Kisii, na jinsi bibi mkubwa alivyokuwa akionja wimbi mpya kabla ya mtu yeyote kugusa. Kumbe hata kwao iko! Akanunua mkate na sukari, akarudi Rusinga, si kueleza bali kuuliza.

Alimkuta Mama Benta nyumbani kwake, mlango wazi, ameketi mikono mitupu.

"Mama, nikiweka picha yako mbele na ya Pauline nyuma, mtasuka?"

"Umepanda na mkono ule haufai," Benta alijibu. "Utahamisha mche tu, useme shamba imekuwa mzuri? Unang'oa yote. Halafu unapanda."

"Kwa nini inakuuma hivyo, mama? Ni picha tu."

Mama mzee alijipiga goti kwa kiganja.

"Yawa! Wewe unafikiri mimi nalilia picha? Hii uso hata kioo imechoka nayo." Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Pauline ni mtoto ya dada yangu. Mimi ndio nilimleta hapa kwa bwana yangu, na mkono yangu. Kama ningekuwa na wivu, singemleta. Sasa sikiliza. Chira haikuji kwangu, mimi niko mahali pangu. Inamfuata yeye. Inafuata Caleb. Nyinyi mumemuweka mtoto yangu mbele, mahali moto iko."

Scovia anasema hapo alijisikia mdogo hadi akatamani sakafu immeze. Alichokiita wivu kilikuwa ulinzi.

Alimtafuta Pauline. Alimkuta nyuma ya jiko, vyombo vimelundikana havijaoshwa. Tangu ile siku hakuwa amepika chakula cha maana wala kuingia nyumba ya mkubwa wake.

"Mimi naenda kanisani, auntie, naomba Mungu," Pauline alimwambia. "Lakini Caleb akikohoa shuleni, unafikiri nitawaza nini? Nitawaza ile picha. Toa tu. Hata usinirudishe, mimi sitaki kuonekana."

Basi Scovia akaamua. Alimpigia kijana wa Nairobi amwambie azitoe kurasa zote, na kijana akaruka.

"Madam, tovuti haing'olewi hivyo! Watu watakuja wakute patupu. Watasema kampuni imekufa. Na hao wa Denmaki je?"

Alikuwa na haki. Mteja mwenyewe alikuwa mmoja tu, na siku ya jibu ilikuwa inakaribia. Wakichungulia dirishani wakute giza, vikapu themanini vimekwenda, na pengine kazi ya Scovia nayo. Elkana alimwambia waziwazi: "Hii ikiharibika, utarudi kwa njugu zako."

"Nilimjibu, bwana Elkana, nikiwadanganya hawa mama, nitakuwa na tovuti bila kikapu," anasema. "Ukurasa hausuki."

Kurasa ziling'olewa. Mahali pake ukabaki ukurasa mmoja mtupu, wenye sentensi mbili alizoziandika Scovia mwenyewe na kuomba zitafsiriwe kwa Kiingereza chepesi: "Shamba linatayarishwa. Mwenye kupanda yuko njiani."

Kurasa mpya zilikuja kwa basi ndani ya disketi. Ikabaki siku ya kupanda, na siku yenyewe ilikuwa ile Ijumaa ya mwisho.

Mama Benta alifika Migori na kitambaa cheupe kichwani, Pauline nyuma yake, na mkononi kikapu kimoja kikuukuu kilichofungwa ndani ya leso. Kilikuwa cha mwisho kusukwa na marehemu, mke wa pili. Akaeleza kwa maneno machache kwamba mtu hapotezi nafasi yake kwa sababu amekufa. Kati yake na Pauline pana mtu, na mtu huyo aonekane.

Jambo hilo halikuwa kwenye disketi. Kwa bahati Byron alikuwa amenunua majuzi mashine ya kunakili picha, ya mitumba, akakilaza kikapu juu ya kioo na kukifunika kwa sweta yake. Picha ikatoka na kivuli upande mmoja. Scovia akaiingiza katikati, pasipo bei.

Laini nayo ikakataa. Kisanduku kikalia, kikakata. Kikalia, kikakata. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Byron alikuwa anatiririkwa na jasho.

"Hii kitu yako iko na njaa?" Mama Benta akamuuliza.

"Hapana, mama. Ni mvua, imelegeza waya."

"Basi leta chai. Kama yeye hana njaa, mimi niko nayo."

Wakanywa chai na mandazi, na kicheko kidogo kikapatikana. Walikuwa wanapangusa vidole taa ya kijani ilipowaka na kutulia. Scovia alimwashiria Mama Benta asogee, lakini mama akakataa kugusa chochote kabla hajaletewa maji. Akanawa mikono hadi viwikoni, kama anavyonawa kabla ya kushika mbegu. Ndipo Scovia akauweka mkono ule mgumu juu ya kipanya cha kompyuta.

"Hapa, mama. Mara moja tu."

Benta akabonyeza. Wote wakakodolea macho kioo. Picha za mtandao hufika polepole, mstari kwa mstari kutoka juu. Kikatokea kitambaa cheupe. Kikatokea kipaji cha uso.

"Samahani, mama, inachelewa," Scovia akasema.

"Wacha itoke polepole," akajibu mikayi. "Hata mtoto anaanzanga na kichwa."

Yakaja macho, ikaja pua, ikaja midomo iliyofungwa, na mwishowe mikono ikishika kikapu. Mama Benta akajitazama, akaitikia kwa kichwa mara moja kama mtu aliyekuta hesabu imetimia. Kisha akauchukua mkono wa Pauline, akauweka chini ya wake, wakabonyeza pamoja kwa niaba ya marehemu. Kikapu kikuukuu kikashuka taratibu na kivuli chake.

"Sasa wewe," akamwambia Pauline, akaondoa mkono wake.

Pauline alibonyeza peke yake. Kabla hata picha yake haijafika shingoni alikuwa analia kwa sauti, na Mama Benta amemkumbatia, anamwambia kwa Kijaluo kwamba yamekwisha, yamekwisha, aende nyumbani apike.

Scovia alitoka nje akaketi kwenye ngazi, akacheka peke yake mpaka mpita njia akamuuliza kama yuko sawa. "Niko sawa sana," alimjibu. "Sijawahi kuwa sawa hivi."

Kabla laini haijakatika siku ile alikuwa ameshatuma jibu Denmaki: vikapu vitakuja, lakini si vyote vya mama mmoja. Jumatatu jibu likarudi. Akina mama wale walikuwa wameukuta ukurasa mtupu na kudhani wametapeliwa. Kisha wakasoma zile sentensi mbili wakaamua kungoja, maana nao, waliandika, ni watoto wa wakulima. Walikubali. Kule Rusinga, Benta alichomoa sindano yake, na wengine wote wakafuata.

Hiyo ndiyo sababu Alhamisi hii Scovia amevua viatu na kumwita modemu baba. Barua inafunguka. Anaisoma midomo ikichezacheza, halafu anaegemea kiti na kuvuta pumzi inayotoka tumboni.

"Yamefika," anasema. "Byron, yamefika! Yote mawili. Hata kamba haikukatika."

"Si nilikuambia?" Byron anasema, ingawa hakuwa amemwambia kitu.

Elkana bado hajapata habari, lakini Scovia anajua atakalosema: kwamba aliamini tangu mwanzo. Siku hizi mwenye duka huwasimamisha wageni mbele ya ile manila akawaeleza mistatili mmoja mmoja, kama aliyeichora ni yeye. Scovia humwachia. Mshahara wake umepanda kidogo, na Caleb amelipiwa karo ya muhula bila mtu kuuza mbuzi.

Mipango haijaisha. Anataka Homa Bay ipate laini safi na kompyuta yake, asikeshe akiombea hali ya hewa ya Migori. Anataka kumfundisha Pauline kujibu barua, kwa kuwa ana mwandiko mzuri na hachoki kuuliza. Byron anamtania kwamba asipange makubwa, maana wanasema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitasahau tarehe na kufa.

"Zikifa, tutapanda tena," Scovia anamjibu. "Wa kuanza tunamjua."

Anarudi kwenye barua. Mwishoni pana swali, lile lile ambalo sasa linaulizwa na karibu kila anayeandika. Akina mama wa Denmaki wanataka kujua kuhusu kile kikapu cha katikati, chenye kivuli upande mmoja. Hawaoni bei yake. Ni kiasi gani?

Mara ya kwanza Scovia alipoulizwa hivyo alilibeba swali hadi Rusinga. Safari hii hana haja. Anavaa viatu, ananyoosha vidole, na anaandika jibu kama alivyoambiwa na Mama Benta, pasipo kuongeza wala kupunguza:

"Hicho si cha kuuza, mwenyewe amepumzika. Anza na changu."